Mkono wa Kaka Shija: Kutoka Songwa Hadi kwa Bwana Kacha

Mmekuwa mkiniuliza, mmoja mmoja, yaliyotupata mimi na kaka Shija katika safari ya Nyarugusu. Kila nikianza kusimulia nagundua nimeruka kipande, narudi nyuma, nakwama, nanyi mnacheka mahali ambapo si pa kuchekea. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Nimeandika mara nne. Hii ya nne ina doa la wino ukurasa wa pili, na nimejikaza nisiianze upya.

Kwa wasiomjua, kaka Shija ni mkubwa wangu kwa miaka saba. Ukimwona utadhani mcheza mieleka: mabega kama mlango, mapaja kama vinu. Hakuyafanyia kazi maungo hayo, alizaliwa nayo. Shida ni kwamba hayamtii upesi. Akitoka kukaa na kutaka kutembea, hatua za kwanza ni za gogo. Akishtushwa, mwili mzima unakaza naye anaanguka kama mti uliokatwa, macho wazi, akili timamu. Na akifumbata kitu kwa nguvu, vidole vinakataa kuachia. Yeye anaviamuru, vyenyewe vinafikiria kwanza. Haumwi popote. Nyumbani walizoea toka utoto wake.

Lakini kaka alipata kazi ya koleo kwenye mgodi mmoja wa almasi, na huko, kama mjuavyo, mtu hapiti getini bila kupekuliwa. Asubuhi moja ya kipupwe, zamu ya usiku ikitoka, askari wa geti alimwambia, "Fungua mkono." Mkono haukufunguka. Sasa niambieni, mtu anayetoka kwenye mgodi wa almasi na ngumi isiyofunguka, ninyi mngemdhania nini? Walikuja askari watatu. Mmoja alitumia mpini wa kijiko. Ulipofunguka, ndani mlikuwa na jasho tu.

Nyapara hakumwita mwizi, namshukuru kwa hilo. Alisema, "Shija, siwezi kila siku kusimamisha watu wote hawa kwa ajili ya mkono wako. Nenda kautibu. Mwezi ukiandama, uje hapa getini uufungue mbele yangu. Usipofunguka, nafasi yako nampa mwingine."

Tulijaribu hospitali, tulijaribu mfumu, mganga wa kijijini. Kisha mtu mmoja aliyetoka Nyarugusu kwenye dhahabu akatuambia kuna Mzungu huko anayenyoosha migongo kwa mikono mitupu. Yeye alikwenda kwake amepinda kama mundu, akarudi kama mshale. Mimi, ambaye shule yangu iliishia darasa la nne na mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia sukari, niliukumbuka ufundi huo. Jina lake ni kairopraktiki. Nikasema: mimi nitampeleka.

SONGWA HADI SHINYANGA

Nilikuwa nimeandaa kila kitu. Katika daftari langu niliorodhesha dalili za kaka, ishirini na tatu, kwa mpangilio wa kutoka kichwani kwenda miguuni. Tulibeba mfuko wa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, kibuyu cha maziwa mgando na shuka mbili. Mzee Nkwabi, jirani yetu pale Songwa, alitupa nafasi juu ya mkokoteni wake wa ng'ombe. Nilikuwa nimekadiria mwendo wa ng'ombe kwa kutembea kando yao siku mbili kabla, na nilijua kwa hakika kwamba tungeiwahi treni ya mchana.

Nisichokadiria ni salamu.

Mzee Nkwabi ana jamaa kila mahali kuanzia Songwa hadi Shinyanga. Kila tukikutana na mtu, ng'ombe walisimama wenyewe, walishazoea.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka, bhabha!"

Kisha watoto wazima? Mvua? Yule ndama? Ukoo wenu wa kule? Mama yule wa mguu? Nilikaa juu ya mkokoteni nikitafuna kucha. Nilipothubutu kusema, "Babu, treni," alinigeukia kwa huruma.

"Ng'wanawane, treni haikujui. Huyu ananijua."

Tulifika stesheni tukaona moshi wake tu, kwa mbali. Tulilala Shinyanga kwa shangazi, ambaye alitulisha ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akatulaza mapema, na kunieleza kwamba nina uso wa mtu aliyemeza sindano.

SHINYANGA HADI ISAKA

Kesho yake tulipanda daraja la tatu na kukaa mbele ya mzee mmoja wa Tabora, mfanyabiashara wa nguo, jina lake Mzee Ramadhani. Alikuwa na kapu la maandazi na birika la chai lililofungwa kwa kitambaa, na hakuwa mtu wa kula peke yake.

"Shikamoo, mzee," tulisema.

"Marahaba, wanangu. Pande la mtu hili, linakula nini?"

"Michembe," kaka alijibu.

"Basi nami nitaanza michembe."

Tulimpa. Alitafuna kipande kimoja mpaka stesheni iliyofuata, akasema sasa ameelewa mabega yale yametoka wapi. Tukacheka njia nzima. Nakiri kwamba sikuwahi kuona kaka akizungumza na mgeni kwa raha namna ile. Mimi nilikuwa kimya nikijizoesha kutamka: kairopraktiki, kairopraktiki.

Isaka tukashuka. Mzee Ramadhani alitoa mkono dirishani kutuaga. Kaka, kwa shukrani zote za maandazi sita, akaushika. Saa hiyohiyo treni ikapiga honi. Kaka akashtuka. Vidole vikafunga kama komeo.

"Haya mwanangu, niachie."

"Nakuachia, mzee."

"Mbona huniachii?"

"Nakuachia! Subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Treni inakwenda!"

Ikaanza kwenda kweli. Mzee alikuwa nusu nje dirishani, kanzu inapepea, watu ndani wamemshika kiuno. Mmoja akapiga kelele, "Mwizi! Anamvuta mzee wa watu!" Mama mmoja kwenye jukwaa akasema, "Si mwizi, ni mwanawe, hataki baba yake aondoke," akaanza kulia.

Kaka alikimbia. Hatua za kwanza zilikuwa za mtu aliyevaa suruali ya mbao. Lakini baada ya hatua kumi na tano hivi, miguu ikalainika, akawa anakwenda sambamba na dirisha kama swala, nao wakaendelea kuzungumza! Nilimsikia Mzee Ramadhani akimwuliza ana watoto wangapi. Karibu na mwisho wa jukwaa vidole viliachia. Kofia ya mzee ilikuwa imeanguka, kaka akaiokota na kuirusha, ikadakwa dirishani. Behewa zima likapiga makofi.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimesimama na mizigo, nikiongeza dalili ya ishirini na nne.

ISAKA HADI KAHAMA

Lori lililotuchukua lilikuwa kuukuu la wakati wa vita, na dereva wake vilevile. Aliitwa Sajini, alipigana Burma, na aliendesha akiwa amevaa koti la jeshi wakati sisi tunayeyuka. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi pamoja na kuku.

Kabla ya Kahama tukazama kwenye mchanga. Sajini akashuka, akatutazama wote kama anakagua gwaride, kidole kikamwangukia kaka.

"Wewe fahali! Shuka, sukuma!"

Kaka alishuka polepole, akashika nyuma ya lori. Sajini akawasha. Lori likapiga chafya, kisha kwenye bomba la moshi: paa!

Kaka akaanguka chini chali, mikono mbele, bado ameshika lori lisilokuwepo. Nikakimbilia mbele kumwita dereva amsaidie. Dereva hayupo. Nikamkuta Sajini amelala kifudifudi mtaroni, mikono kisogoni.

"Wametupiga kutoka wapi?" akaninong'oneza.

"Ni bomba la moshi, bwana."

Alinyanyuka, akajikung'uta vumbi kwa heshima zote. Akaja akamtazama kaka pale chini, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kukunja kiwiko.

"Huyu alipigana wapi?"

"Hakupigana. Ni ugonjwa."

"Ugonjwa? Kijana wangu, huyu ni askari aliyefundishwa vizuri." Akamfuta uso kwa mikono yake mwenyewe, akamkalisha mbele kwenye kiti. Mimi nikarudi kwa kuku.

Jioni, tukisubiri chai ya mama ntilie pale Kahama, nilimwambia kaka jambo lililokuwa likininyima raha, na ninyi nawaambia pia ili nisilifiche tena. Asubuhi ile ya getini mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea uji. Askari waliuliza, "Nani anamjua mtu huyu?" nami nikanyamaza. Nilikuwa natunga moyoni sentensi nzuri ya kumtetea, na kabla haijakamilika wakawa wameshamaliza na kijiko.

Kaka alipuliza chai yake.

"Nilikuona," alisema.

"Uliniona?"

"Ulijificha nyuma ya mama mwenye kikapu. Kikapu chenyewe kidogo, Mabula."

Nilisubiri aseme neno jingine. Aliomba sukari.

KAHAMA HADI NYARUGUSU

Hapa sina mengi. Lori la kwanza lilikufa, la pili lilituacha njia panda kwa sababu dereva alikumbuka harusi ya mpwa wake. Tulitembea siku moja na nusu. Mama mmoja wa Kisumbwa alitupa ndizi za kuchemsha na asali ya mzinga, akauliza tunakwenda wapi. Nikajibu kwa ufasaha, "Kwenye kairopraktiki." Akamwambia mumewe kwamba tumepotea, tunatafuta mji usiokuwepo huku.

NYARUGUSU

Mahali penyewe hapana mpango: mashimo, vibanda, kelele za watu wanaoponda mawe toka kukucha hadi kuchwa, na Kiswahili cha kila namna. Ukiuliza kwa Bwana Kacha huhitaji kuelekezwa sana. Unafuata watu waliopinda.

Walimwita hivyo kwa ajili ya mlio wa migongo aliyoinyoosha. Alikuwa Mzungu mwembamba kutoka Kanada. Alisomea kunyoosha uti wa mgongo, akauacha ufundi huo akaja kutafuta dhahabu, dhahabu ikamkataa, akaurudia. Benchi lake lilitengenezwa kwa mbao za masanduku ya mgodini. Foleni ilisimamiwa na Mama Sabina, mwanamke wa Kizinza mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya ziwa.

"Huyu anaumwa nini?" aliniuliza mbele ya watu wote.

Nikafungua daftari. Nikaamua kuanza kwa ufupi. "Mkono wake haufunguki."

Foleni nzima ikaangua kicheko, wengine wakishika viuno kwa maumivu.

"Hata nyapara wetu anao huo ugonjwa!"

"Mke wangu anasema na mimi ninao, siku ya gulio unazidi!"

Mama Sabina alinitazama kwa masikitiko. "Kijana, hapa tunanyoosha migongo. Ubahili upeleke kwa padri."

"Simaanishi hivyo! Namaanisha akishika kitu hakiachii."

"Si ndiyo huohuo?"

Sikio langu likawaka moto. Kaka ndiye aliyeniokoa: alimwomba Mama Sabina ampe mkono. Akampa. Baada ya muda wa kutosha yule mama kumwambia aache mzaha, kisha kumtukana, kisha kuvitazama vile vidole, aligeuka akasema kwa sauti ya chini, "Bwana, njoo. Hii kweli si ubahili."

Tukaingia. Sasa ndipo maneno yangu ya siku sita yalipotakiwa.

"Shikamoo, bwana. Tumekuja kwa ajili ya kairo... kairo..."

"Kairo ni mbali," alisema Bwana Kacha. "Iko Misri. Hapa ni Nyarugusu."

Nikaanza kumsomea orodha. Alinivumilia mpaka dalili ya tisa, akanyanyua kidole. "Umeandika vizuri sana. Sasa nyamaza, nimsikilize mwenye mwili."

Alimlaza kaka kifudifudi, akapapasa uti wa mgongo pingili kwa pingili, akitikisa kichwa kwa kuyastaajabia yale maungo. Akaweka viganja viwili chini ya mabega. Akavuta pumzi.

Kacha!

Kaka alishtuka. Mwili ukakaza wote, ukaviringika kutoka benchini kama gogo kutoka kwenye lori, ukafika chini: pu! Macho wazi. Bwana Kacha akawa mweupe kuliko alivyozaliwa.

"Nimemvunja," alisema.

Mama Sabina akatoka nje mikono kichwani. "Ameua! Leo Bwana Kacha ameua!"

Nilichungulia dirishani. Wote waliokuja wamepinda walikuwa wanakimbia wamenyooka. Mpaka leo sijaona tiba ya haraka kama ile.

Kutoka sakafuni ikaja sauti ya kaka, ya kubanwa banwa: "Sijafa. Nimekaza tu. Nipeni nafasi."

Bwana Kacha alikaa chini palepale sakafuni kando yake. Alipopata pumzi alichukua nyundo ndogo ya mpira, akagonga kidogo kwenye shina la dole gumba la kaka. Dole likakunjika kuelekea kiganjani, likabaki huko, kisha likarudi polepole kama kobe anayechungulia. Akagonga tena. Akagonga upande wa pili. Alikuwa kama mtoto aliyepewa ngoma.

"Nilisoma habari hii chuoni," alisema mwishowe, "sikutegemea kuiona. Mtu anazaliwa nayo. Kamba za fahamu zikiiambia misuli ishike, inashika. Ikiambiwa iache, inachelewa kusikia. Haiko mgongoni. Naweza kumpiga kacha kila siku mpaka masika, mgongo wake utafurahi, na mkono utabaki vilevile."

Sikuamini. "Lakini tumesafiri siku sita!"

"Na mimi nilisafiri kutoka Kanada kufuata dhahabu," alijibu. Hakusema kwa kunikejeli. Kisha akamgeukia kaka. "Niambie. Ni wakati gani haukazi?"

"Nikishachangamka," alisema kaka. "Nikifungua na kufumba mara nyingi, unalainika. Kukiwa na baridi unakataa zaidi."

Nilimtazama kwa mshangao. "Kaka! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unaandika."

Tulikaa siku tatu. Bwana Kacha alimnyoosha kiuno, ambacho kilikuwa kibovu kweli kwa ajili ya koleo, safari hii akimwonya kwanza: "Shija, sasa nakuja." Muda uliobaki walichezea mkono. Maji ya baridi: vidole vinafunga. Maji ya moto: vinasikia. Mara ya kwanza kuachia, unaweza kumaliza kusalimia ukoo mzima. Mara ya kumi, ni mkono kama wangu. Mama Sabina alihesabu kwa sauti, na foleni, iliyokuwa imerudi, ilishangilia kila hesabu.

"Siwezi kukuponya," Bwana Kacha alimwambia siku ya kuondoka. "Lakini usiwape mkono wa kwanza. Wape wa kumi na moja."

Hakumshika mkono kumuaga. Alimpigia saluti.

KURUDI, NA GETINI

Njia ya kurudi nilitumia kumfundisha kaka jibu. Nyapara akiuliza, sema: "Nimepona, bwana." Basi. Nilimkaririsha kila stesheni. Kwa sababu niliwaza hivi: akisema hajapona, wana sababu ya kumfukuza hata mkono ukifunguka. Kaka alinijibu "sawa" kila mara, kwa ile sauti ambayo ningepaswa kuitilia shaka.

Mwezi uliandama. Asubuhi yenyewe ilikuwa na baridi mbaya, ya kutoa moshi mdomoni. Nilisimama kando ya foleni, safari hii mahali pa kuonekana, nimeshika kopo la uji wa moto ambalo kaka alikuwa amelikumbatia kwa viganja toka nyumbani. Akaanza kazi yake: fumba, fungua, fumba, fungua.

"Shija!" mmoja nyuma yake akaita. "Unakamua ng'ombe gani?"

"Wa baba mkwe wako," kaka akajibu bila kusita, "ndiyo maana hatoi kitu."

Foleni ikalipuka. Lakini baridi ni baridi, na watu wakaona jambo lenyewe lina faida. Wa nyuma yake akaanza. Wa mbele akaanza. Kufumba na kufumbua, foleni yote ya zamu ya asubuhi ilikuwa inakamua ng'ombe wasioonekana.

Nyapara akaja mbio, macho yamemtoka. Ilikuwa miaka ambayo wakubwa waliota vyama vya siasa hata kwenye sahani ya ugali.

"Hiyo ni ishara ya nini? Chama gani?"

"Tunakamua tu, bwana," walijibu.

Zamu ya kaka ikafika. Askari alikuwa yuleyule wa kijiko. Nyapara akasimama kando, mikono nyuma.

"Fumba," alisema askari. Kaka akafumba, kwa nguvu, ili asionekane anadanganya. "Fungua."

Vidole vikafunguka. Vyote vitano, kwa pamoja, kama vya mtu yeyote. Askari alikitazama kiganja kile kitupu kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

"Umepona?" nyapara akauliza.

Nikakaza macho yangu kwa kaka. Midomo yangu ilikuwa inamtamkia.

"Hapana, bwana," alisema kaka. "Sijapona wala sitapona. Ni wa kuzaliwa. Nikiupasha moto unafunguka, nisipoupasha unachelewa. Lakini hauna kitu."

Nilifumba macho. Nilisikia mtu mmoja akikohoa kwenye foleni.

"Mimi nilisema mkono ufunguke," nyapara alisema. "Habari ya kupona nilikuwa nakujulia hali tu. Ingia kazini."

Kaka akapita getini. Alikuwa amepiga hatua mbili tu ndani pale king'ora cha zamu kilipolia. Akashtuka, akakaza mwili mzima, akaanza kuinama mbele kama nguzo. Yule askari akaruka, akamdaka kwa kiwiko, akamsimamisha. Nyuma watu walikuwa wanasukumana kuingia. Askari akawanyooshea mkono wake wa pili.

"Msimsukume," alisema. "Anakuja."